Sura ya Nne: Nchi Isiyotulia

Sisi wa Afrika ya Mashariki tuliwajua Wajapani kwa kazi za mikono yao kabla hatujaijua nchi yao. Mama zetu walijitanda kanga zilizopigwa chapa katika viwanda vya Japani na kuletwa kwa meli mpaka bandari zetu; baba zetu walisikiliza habari za ulimwengu katika redio zilizotoka huko; na leo barabara zetu zimejaa magari yao, yale mapya na yale yaliyokwisha tumika kwao yakaja kuanza umri wa pili kwetu. Lakini bidhaa haimwambii mnunuzi imetoka katika udongo gani, wala mkono ulioiunda umezoea kuogopa nini. Na mtu atakaye kuwaelewa Wajapani, watu wa nyumba nyepesi na ada nzito, hana budi kuanza na ardhi wanayoikanyaga, kwa maana ni ardhi ambayo katika tarikhi yao yote haikupata kutulia. Nakusudia kuonyesha katika sura hii jinsi maisha juu ya ardhi ya namna hiyo yalivyowafunza kuuamini mkono ujengao kuliko jengo lenyewe, na kuona kuwa wajibu mkubwa wa fundi ni kumwacha nyuma yake fundi mwingine.

Japani ni safu ya visiwa iliyopinda ubavuni mwa bara la Asia, kuanzia Hokkaido yenye baridi kali upande wa kaskazini mpaka Okinawa yenye joto na matumbawe upande wa kusini, na kati yake Honshu, kilicho kikubwa kuliko vyote, pamoja na Shikoku na Kyushu. Eneo la nchi nzima ni kilomita za mraba 378,000 hivi, yaani halifiki nusu ya Tanzania, nalo limechukua watu takriban milioni 124. Na hata hilo dogo si lote likaalikalo, kwani karibu robo tatu yake ni milima, na theluthi mbili yake ni misitu, hata miji mikubwa kama Tokyo, Nagoya na Osaka imebanana katika nyanda chache zilizopo baina ya majabali na bahari. Chini ya visiwa hivi hukutana vipande vinne vya gamba la dunia, kila kimoja kikisukumana na mwenziwe, na katika kusukumana huko ndimo zinamozaliwa zilzala ambazo Mjapani huzihisi mara nyingi mno katika umri wake hata nyingine hazimwondoi mezani. Volkano zilizo hai ni 111. Mlima Fuji wenyewe, wenye kimo cha mita 3,776, ambao wachoraji wameuchora kwa mapenzi karne baada ya karne, ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1707, na majivu yake yakaangukia Edo, mji uitwao leo Tokyo.

Pepo za misimu, ambazo manahodha wa pwani yetu walizijua kwa majina ya kaskazi na kusi wakazifanya ratiba ya safari zao, nao wanazo za kwao. Wakati wa baridi upepo mkavu hutoka Siberia, huvuka Bahari ya Japani ukijaa mvuke, kisha hugonga milima ya Honshu na kuumwaga mvuke huo kwa sura ya theluji, hata mkoani Niigata theluji huweza kuzidi kimo cha mtu, ilhali Tokyo, iliyo nyuma ya milima ile ile, inaota jua chini ya mbingu isiyo wingu. Mwezi wa Juni huja mvua za kupandia mpunga. Kisha joto la kulowesha nguo. Kisha, tangu Agosti hadi Oktoba, tufani zitokazo bahari ya kusini. Kijijini Shirakawa, katika milima ya Gifu, paa za nyumba zimeinuliwa kwa mwinamo mkali ili theluji iteremke yenyewe, nazo zimeezekwa kwa nyasi nene zidumuzo miaka 30 au 40; na siku ya kuezeka upya paa moja, majirani huja kwa mamia kwa ujima, wazee wakiwa juu wakiwaelekeza vijana jinsi ya kufunga kamba, kazi ikaisha jua halijachwa.

Wala isidhaniwe kuwa wakazi wa visiwa hivi ni watu wa asili moja tu. Waainu wa Hokkaido walikuwa na lugha yao na desturi zao kabla serikali ya Tokyo haijawanyang'anya nyika zao za kuwinda na mito yao ya samaki, na sheria iliyowatambua kuwa ni wenyeji wa asili haikupitishwa mpaka 2019. Na Okinawa ilikuwa makao ya ufalme wa Ryukyu, uliofanya biashara na China na nchi za kusini hata ulipofutwa mwaka 1879. Maandiko Wajapani waliyapokea kutoka China, na dini ya Buddha ikawajia kwa njia ya Korea katika karne ya 6. Makao makuu yao yalikuwa Nara tangu 710, kisha Kyoto tangu 794. Ukoo wa Tokugawa ukashika hatamu tangu 1603 hadi 1868, na kwa zaidi ya karne mbili ukaifunga nchi kwa wageni, isipokuwa mlango mdogo wa Nagasaki kwa Waholanzi na Wachina na njia chache za biashara na majirani. Meli za kivita za Marekani zilipofika 1853 zikautikisa mlango huo, na baada ya 1868 Japani ilijenga viwanda na jeshi kwa kasi iliyoustaajabisha ulimwengu, ikaimeza Korea 1910, ikaishambulia China, na mwisho wake ukawa moto wa Hiroshima na Nagasaki mwezi wa Agosti 1945. Haya nayataja kwa ufupi kwa kuwa yana vitabu vyake. Ila nisingependa msomaji adhani kwamba watu wenye adabu nyumbani mwao hawawezi kudhulumu katika nyumba za wengine. Wajapani waliweza, na majirani zao hawajasahau.

Nirudi kwenye ardhi. Mahali tambarare palipokuwa haba, wakulima waliupandisha mpunga milimani, wakachonga majaruba juu ya majaruba, kila moja na ukingo wake wa udongo, maji yakishuka kutoka jaruba la juu hata la chini kwa vifereji ambavyo lazima vizibuliwe kila mwaka. Mtu azuiaye maji juu huua shamba la aliye chini. Kwa hiyo kijiji cha mpunga hakikuweza kuwa mkusanyiko wa watu wenye kila mmoja hamsini zake, bali kilikuwa baraza la kudumu la kugawana maji, na naamini sehemu kubwa ya ule utaratibu wao wa kushauriana kwa muda mrefu kabla ya kuamua jambo ilizaliwa katika vifereji hivi. Katika enzi ya Tokugawa ukubwa wa milki ya kila bwana ulipimwa kwa mpunga wake, kwa kipimo kiitwacho koku, ambacho ni kilo 150 hivi za mchele na kilihesabiwa kuwa ni chakula cha mtu mmoja kwa mwaka; milki ya Kaga, iliyokuwa tajiri kuliko za mabwana wengine, ilihesabiwa zaidi ya koku milioni moja, na askari walilipwa mishahara yao kwa mchele. Mkulima aliyeulima aghalabu alikula shayiri na ulezi. Hata leo mfalme wao hushika miche kwa mikono yake na kuipanda katika shamba dogo lililomo ndani ya kasri, ada iliyoanzishwa 1927, na mwezi wa Novemba hutoa mchele mpya kuwa sadaka ya shukrani.

Nyumba ya Kijapani ya jadi ni nguzo na paa. Kuta ni nyongeza. Sakafu imeinuliwa juu ya ardhi ili hewa ipite chini yake, na vyumba vinatengwa kwa milango ya kuteleza, mingine ya karatasi nyeupe ipitishayo nuru, ambayo ikiondolewa nyumba nzima huwa ukumbi mmoja unaotazama bustani. Msomaji wa pwani, aliyelelewa juu ya mkeka na kufunzwa kuvua viatu mlangoni, hatajiona mgeni sana humo. Kitandikwacho sakafuni ni tatami, ambayo ni nene kama godoro dogo: kiini chake ni mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa na kushonwa, na uso wake umefumwa kwa nyasi nyembamba za majini ziitwazo igusa, na pande zake ndefu zimepigwa pindo la kitambaa. Ikiwa mpya ina rangi ya kijani na harufu ya shamba lililofyekwa; kadiri miezi ipitavyo hugeuka dhahabu. Urefu wake ni kama sentimita 180 na upana 90, na kwa kuwa ukubwa huo unajulikana na kila mtu, chumba hakitajwi kwa hatua wala kwa mita, bali husemwa ni chumba cha tatami sita, au nane, au nne na nusu. Uso wa tatami ukichakaa, fundi huufumua na kuugeuza upande wa pili. Upande wa pili nao ukichakaa, huuvua wote na kushona mpya juu ya kiini kile kile. Karatasi za milango nazo hubanduliwa na kubandikwa upya, kwa ada ya zamani kila mwisho wa mwaka, ili mwaka mpya uikute nyumba ikiwa safi. Hakuna chochote katika nyumba hiyo kilichotengenezwa kwa nia ya kutoguswa tena.

Kwa nini basi hawakujenga kwa mawe, na milima wanayo? Jibu moja ni kwamba misitu nayo wanayo. Lakini jingine ni kwamba ukuta wa mawe ardhi inapotetemeka humwangukia aliyeujenga, na mbao hupinda, hulia, kisha hurudi mahali pake. Hasara ya mbao ni moto. Tarehe 1 Septemba 1923, dakika mbili kabla ya saa sita mchana, wakati majiko ya mkaa yalikuwa yamewashwa kila nyumba kwa chakula cha mchana, tetemeko kubwa liliipiga Tokyo na Yokohama siku yenye upepo mkali, na watu zaidi ya 100,000 wakafa, wengi wao kwa moto kuliko kwa kuangukiwa. Katika siku zilizofuata uvumi wa uongo ulienezwa kwamba Wakorea wanatia sumu visimani, na makundi ya raia wenye silaha, pamoja na askari, yakawaua Wakorea wengi wasio na hatia yoyote. Tetemeko linapovunja nyumba za watu, lililokuwa limefichwa ndani ya watu nalo huonekana.

Waliojua zaidi namna ya kuishi na ardhi hii ni maseremala. Huko Ikaruga, karibu na Nara, limesimama hekalu la Horyuji, ambalo ukumbi wake mkuu na mnara wake wa ghorofa tano ndiyo majengo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyobaki duniani, kwani yalijengwa baina ya mwisho wa karne ya 7 na mwanzo wa karne ya 8. Mnara una kimo cha mita 32 hivi, na katikati yake mna nguzo moja kuu ipandayo mpaka kileleni. Wataalamu waliohesabu duara za umri wa mti huo walikuta kwamba ulikatwa mnamo 594, Mtume Muhammad alipokuwa bado kijana wa Makka hajapewa utume. Ghorofa zake hazikukazwa zikawa kitu kimoja kigumu. Zimepandana kila moja juu ya mwenziwe kwa viungo vya ulimi na tundu, hata ardhi ikitikisika kila moja huyumba kivyake, na nguvu ya mtikisiko hupotea katika maelfu ya viungo kabla haijafika juu. Matetemeko ya karne 13 yameupitia mnara huu na bado umesimama.

Mtu wa mwisho kuwa seremala mkuu wa Horyuji kwa urithi wa ukoo alikuwa Nishioka Tsunekazu, aliyezaliwa 1908 na kufariki 1995, na katika mafundi wote ambao habari zao nimepata kuzisoma, sijui mwingine aliyenifundisha zaidi maana ya ufundi. Babu yake, ambaye ndiye aliyemlea katika kazi, alikataa asipelekwe shule ya ufundi, akamtia shule ya kilimo, kwa hoja kwamba mti huota katika udongo, na asiyeujua udongo hawezi kuujua mti. Katika ukoo wao zilipokewa kanuni kwa mdomo, kizazi hata kizazi: kwamba seremala asinunue mti mmoja mmoja bali anunue mlima, aione miti yote ya mahali pamoja na tabia zake, kwamba mti ulioota upande wa kusini wa mlima uwekwe upande wa kusini wa jengo, na wa kaskazini kaskazini, na kwamba mti uliojipinda kulia ufungwe pamoja na uliojipinda kushoto, ili kila mmoja uuzuie ubaya wa mwenziwe na jengo lipate nguvu kutokana na kasoro zao. Naiona kanuni hii ya mwisho kuwa ina hekima kubwa, maana fundi wa siku hizi huutupa mti uliopinda, na akiisha kuutupa hujiona amechagua vema.

Bwana Nishioka alipokabidhiwa kazi ya kuujenga upya mnara wa magharibi wa hekalu la Yakushiji, uliokuwa umeungua mwaka 1528, alikuta kwamba Japani haina tena miti ya hinoki mikubwa ya kutosha. Hinoki ni mti wa ukoo wa saipresi, mnyoofu, wenye harufu nzuri na mafuta yanayoukinga na wadudu na uozo, na wazee wa ufundi walisema kwamba mti uliokaa mlimani miaka 1,000 utakaa katika jengo miaka 1,000. Miti ikatafutwa mpaka Taiwan. Misumari ya chuma cha viwandani aliikataa, kwa kuwa aliona katika majengo ya kale misumari iliyofuliwa kwa mkono ikiwa bado nzima baada ya karne nyingi, akataka ifuliwe mingine ya namna ile; randa ya kale yenye umbo la mkuki, ambayo hakuna aliyekuwa akiitumia, aliifufua kwa kuchunguza alama zilizoachwa juu ya mbao za Horyuji. Mnara ulipokamilika 1981, ulikuwa mrefu kidogo kuliko mwenzake wa mashariki, ambao umesimama tangu karne ya 8. Halikuwa kosa la kipimo. Seremala alijua kuwa mbao mpya zitashindiliwa na uzito wa paa, akakadiria kwamba baada ya karne kadhaa minara miwili itakuwa sawasawa, akajenga kwa ajili ya siku hiyo.

Kujenga huku kwa ajili ya siku zijazo kumefika kikomo chake huko Ise, mkoani Mie, penye hekalu kuu la dini ya Shinto, la Amaterasu, ambaye wao humwitakidi kuwa mwenye jua na mzazi wa ukoo wa wafalme. Itikadi hiyo si yangu na sikuja kuihukumu. Nataka tutazame jengo. Nguzo zake za hinoki hazikupakwa rangi, nazo zimechimbiwa moja kwa moja ardhini pasipo mawe ya msingi, na paa limeezekwa kwa nyasi. Kila seremala anajua kwamba nguzo iliyochimbiwa hivyo haina budi kuoza. Nao wanajua. Kando ya hekalu upo uwanja mwingine wenye ukubwa ule ule, umetandikwa kokoto nyeupe, mtupu, isipokuwa kibanda kidogo kilichofunika mahali pa nguzo ya katikati, iitwayo nguzo ya moyo. Na kila baada ya miaka 20 hekalu jipya hujengwa juu ya uwanja huo kwa vipimo vile vile, la zamani likabomolewa, na uwanja wake ukapumzika ukingoja zamu yake. Desturi hii ilianza 690. Ilikatika kwa zaidi ya miaka 100 zama za vita vya wenyewe kwa wenyewe, ikarejeshwa, na ujenzi wa 62 ulifanyika 2013. Wajengao hawaishii kwenye jengo tu: vyombo na mavazi na panga za ibada, zaidi ya vitu 1,500, navyo hufanywa upya, kila kimoja na mafundi wake, kuanzia wafumaji hariri mpaka wahunzi. Mbao za zamani hazichomwi. Hugawiwa mahekalu mengine ya nchi, na nguzo kubwa huchongwa upya zikawa milango ya daraja la kuingilia Ise.

Miaka 20 ni muda wa busara. Kijana anayeingia akiwa na umri wa miaka 20 hushika tezo na patasi chini ya amri ya wengine. Akifika 40 huwa fundi kamili. Akifika 60 huwa msimamizi, na katika kila ujenzi vizazi vitatu huwa kiwanjani pamoja. Kama hekalu lingejengwa kwa mawe likadumu miaka 1,300, leo lingekuwapo jengo, na pasiwe na mtu ajuaye kulijenga. Kwa hivi lilivyo, hakuna ubao ulio wa kale, na maarifa yote ni ya kale. Kila ujenzi hutaka zaidi ya miti 10,000, na kwa karne nyingi ilikatwa mbali, katika milima ya Kiso. Ndipo mwaka 1923 hekalu likaweka azimio la kupanda hinoki katika misitu yake lenyewe na kuitunza kwa miaka 200, na katika ujenzi wa 2013 sehemu ya mbao ilitoka katika misitu hiyo ya Ise, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa takriban miaka 700. Walioipanda miche ile ya kwanza walijua kwamba hawataiona ikiwa nguzo.

Lakini yako mambo ambayo fundi wa mbao hayawezi, na kubwa lao ni bahari. Mwezi wa Desemba 1854 matetemeko mawili makubwa yalifuatana kwa muda wa siku mbili katika pwani ya kusini ya Honshu, na katika kijiji cha Hiro, mkoa ambao leo ni Wakayama, alikuwapo Bwana Hamaguchi Goryo, mtu wa makamo ya miaka 34 hivi, mwenye mali aliyoipata ukoo wake katika kuuza mchuzi wa soya. Tetemeko la pili lilipiga jioni, na bahari ikapanda juu ya kijiji gizani. Watu walikuwa wakikimbia bila kujua waelekee wapi. Akaamuru ichomwe miganda ya mpunga iliyokuwa imerundikwa mashambani baada ya mavuno, mmoja baada ya mwingine kandokando ya njia ya kwendea mlimani, na waliopotea gizani wakaufuata moto huo mpaka mahali pa juu. Wengi mno waliokoka. Mwandishi Lafcadio Hearn alikieneza kisa hiki ulimwenguni mwaka 1897, na baadaye kikaingia katika vitabu vya shule, ila katika hadithi Bwana Hamaguchi amegeuzwa mzee aishiye kilimani, anayechoma mavuno yake yote ili wanakijiji wapande kuja kuzima moto.

Hadithi ni nzuri, lakini mimi naona yaliyotendeka kweli ni mazuri zaidi, kwa sababu hadithi inaishia kwenye moto, na mtu halisi alianza kazi yake siku ya pili. Kijiji kilikuwa kimebomoka, mashua zimevunjika, na watu wanataka kuhama. Akatoa mali yake akaanza kujenga tuta la udongo baina ya kijiji na bahari, lenye urefu wa mita 600 hivi na kimo cha mita 5, akawaajiri wanakijiji wenyewe na kuwalipa ujira wao kila jioni, hata waliokuwa wamekata tamaa wakapata chakula kwa kujenga kinga yao wenyewe; na mbele ya tuta akapanda misonobari ili ivunje nguvu za maji. Kazi ilichukua karibu miaka minne, ikaisha 1858. Mwaka 1946, miaka 61 baada ya kufariki kwake, gharika ya bahari ilirudi, na sehemu kubwa ya kijiji ikasalimika nyuma ya tuta lile. Mpaka leo kila mwezi wa Novemba wenyeji, wakiwamo watoto wa shule, hubeba udongo na kuumwaga juu ya tuta kwa kumbukumbu, na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe 5 Novemba, ambayo ndiyo siku ya tukio lile kwa kalenda ya zamani ya Kijapani, kuwa siku ya ulimwengu ya kujihadhari na tsunami.

Katika pwani ya Sanriku, kaskazini mashariki ya Honshu, bahari ni katili zaidi, kwa kuwa ghuba zake ni nyembamba na wimbi liingiapo hubanwa likapanda juu. Mwaka 1896 liliua watu 22,000 hivi, likarudi 1933. Kijijini Aneyoshi, baada ya kuangamia mara mbili, waliosalia walisimamisha jiwe mlimani lenye maandishi ya kuwakataza wazao wao wasijenge nyumba chini ya hapo, na wazao wakatii. Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, tetemeko la ukubwa wa 9.0 liliinua bahari hata huko Aneyoshi maji yakapanda mlima mpaka kimo cha mita 40 hivi, yakasimama kabla ya kulifikia jiwe. Si mbali sana na hapo, mji wa Taro ulikuwa umejenga ukuta wa mita 10 kwenda juu, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, ambao wageni walikuja kuutazama kutoka nchi nyingi. Maji yaliuruka, na baadhi ya waliokufa ni wale walioutegemea wakakawia kukimbia. Watu waliokufa au kupotea katika pwani nzima walikaribia 20,000.

Huko Kamaishi, katika pwani hiyo hiyo, watoto walikuwa wamefunzwa kwa miaka kadhaa na mtaalamu mmoja wa maafa kwamba wasiiamini ramani ya serikali, kwamba kila mmoja akimbie mara moja bila kumngoja mtu, na kwamba wakimbiao kwanza huwaamsha wengine. Ardhi ilipotulia, wanafunzi wa shule ya kati ya mtaa wa Unosumai walitoka mbio pasipo kungoja amri, wakielekea mahali palipopangwa. Walimu na watoto wa shule ya msingi ya jirani walipowaona wakawafuata, na wakubwa wakawashika wadogo mikono. Walipofika wakaona ukingo wa mlima umeporomoka, wakapanda juu zaidi. Wakatazama nyuma, wakapanda tena. Mahali pa kwanza palifunikwa na maji. Katika wanafunzi karibu 3,000 wa shule za msingi na za kati za Kamaishi, wote waliokuwa shuleni siku hiyo waliokoka.

Baada ya msiba huo serikali ilijenga kuta mpya za zege katika pwani hiyo, zenye urefu wa jumla wa kilomita 400 hivi, nyingine zikikaribia kimo cha mita 15, na ubishi wake haujaisha, kwa maana wako wenyeji wanaosema kwamba mvuvi asiyeiona bahari hawezi kujua imegeuka tabia, na kwamba vijana wengi wamekwisha hamia Sendai na Tokyo, kuta zikabaki kuwalinda wazee wachache. Mimi naona hoja yao ina nguvu. Kijiji cha Moune, katika mji wa Kesennuma, kilifika mbali zaidi ya kubisha: wenyeji walikubaliana kuukataa ukuta, wakahamishia nyumba zao mlimani, na ardhi ya chini iliyodidimia kwa tetemeko wakaiacha chini ya maji ya chumvi, viumbe vya pwani vikarudi humo. Mkulima wa chaza wa kijiji hicho, Hatakeyama Shigeatsu, ambaye bahari ilimnyang'anya mama yake siku ile, alikuwa ameanza tangu 1989 kuwapeleka wavuvi wenziwe juu ya mlima Murone kupanda miti, kwa kuwa alijua kwamba chaza hula kile ambacho mto hukileta kutoka msituni. Waliendelea kupanda hata mwaka ule wa msiba, wakati mabanda yao yote ya chaza yalikuwa yamechukuliwa na maji, na wanapanda mpaka sasa.